Vepu imewashwa, haivutwi, lakini chaji inashuka: nani anakula betri?

Swali: Nina vepu (sigara ya kielektroniki) yenye skrini, inatumia betri mbili za duara aina ya 18650, zenye ujazo wa mAh 3000 kila moja. Nikizijaza usiku hadi 100 na kuiacha mezani imewashwa bila kuivuta, asubuhi inasoma 90 au 92. Nikiiacha siku tatu kamili inasoma 60. Nimejaribu kuizima kwa kubofya kitufe mara tano, tofauti ni ndogo mno. Betri zina miezi saba. Je, ni kawaida kifaa kula chaji kikiwa kimetulia, au betri zimechoka?

Jibu: Ndugu, hiyo si kawaida. Ukiacha kando anguko dogo la saa za kwanza baada ya kuchaji, ambalo tutalieleza, kifaa kizima kikilala siku tatu hakipaswi kupoteza zaidi ya asilimia moja au mbili. Na kwa jinsi ulivyoeleza, betri si mshukiwa wa kwanza. Kuna kitu ndani ya kifaa ambacho hakilali.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayotuambia tunatafuta kitu cha ukubwa gani. Vifaa vingi vya betri mbili huziunganisha kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Kwa mpango huo volti hujumlishwa, lakini ujazo haujumlishwi: unabaki mAh 3000, si 6000. Kutoka 100 hadi 60 ni asilimia 40. Tukitoa asilimia 5 za lile anguko la mwanzo, zinabaki 35, yaani mAh 1050. Gawa kwa saa 72 unapata karibu miliampea 15. Hicho ndicho kiasi kinachovuja mchana na usiku, na kwa mwendo huo betri zilizojaa zinaisha kwa siku nane hivi bila wewe kuvuta pafu hata moja.

Linganisha na kifaa kizima. Chipu inayoendesha vepu ikilala vizuri hutumia maikroampea chache tu. Ongeza kidhibiti volteji na vikinza (vipande vinavyozuia mkondo) vya kupimia betri, jumla mara nyingi hubaki chini ya miliampea 0.1. Miliampea 0.1 ni mAh 2.4 kwa siku, na betri ya mAh 3000 ingechukua zaidi ya miaka mitatu kuisha kwa kiasi hicho. Kabla ya hapo betri yenyewe ingekuwa imejipunguza, maana betri ya lithiamu hupoteza takriban asilimia 1 hadi 3 kwa mwezi hata ikiwa kabatini peke yake, na zaidi mahali penye joto. Kwa hiyo wewe unapoteza mara 150 ya kinachostahili.

Sasa lile anguko la usiku wa kwanza. Betri ikitoka kwenye chaja inasoma volti 4.20. Ikiachwa bila kazi kwa saa kadhaa hutulia kwenye 4.15 hadi 4.18. Hakuna chaji iliyopotea hapo, ni volteji ya juujuu inayokaa sawa baada ya msukumo wa kuchajiwa. Lakini kifaa chako hakijui hilo. Hakihesabu chaji, kinasoma volti na kuzigeuza kuwa asilimia, na huko juu volti 0.01 ni karibu asilimia moja. Ndiyo maana watu wengi huona 100 ikawa 96 asubuhi na kudhani kifaa kimekula betri, kumbe hakijala kitu. Kwako mambo mawili yamekutana: kutulia kwa betri asilimia 4 au 5, na miliampea 15 mara saa 9 za usiku, yaani mAh 135, ambazo ni asilimia 4 na nusu. Jumla karibu 9. Hiyo ndiyo 90 au 92 unayoiona asubuhi. Namba zako zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, na hilo linatupa imani kwamba tatizo ni la kweli, si skrini inayodanganya.

Kwa nini hatuzilaumu betri kwanza? Betri iliyochoka huwa na ukinzani mkubwa wa ndani, na dalili yake huonekana wakati wa kuvuta: ukibonyeza kitufe asilimia zinaporomoka, ukiachia zinapanda tena kidogo. Haishuki polepole ikiwa imetulia. Ipo betri yenye kasoro ya ndani inayojimaliza yenyewe, lakini hiyo hujimaliza popote ilipo, ndani ya kifaa au nje. Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji ufundi. Zichaji betri zote mbili, ziache saa mbili zitulie, zipime moja moja kwa multimita kwenye volti za DC na uandike namba. Kisha ziweke nje ya kifaa, kwenye kasha la plastiki la betri, siku tatu. Zipime tena. Zikiwa hazijashuka zaidi ya volti 0.02, ni nzima. Ikiwa moja imeshuka 0.05 au zaidi wakati mwenzake imesimama pale pale, iache kabisa kuitumia. Betri inayojimaliza nje ya kifaa ina mgusano wa ndani usiotakiwa, na haifai kurudishwa kwenye chaja.

Zikifaulu, rudia jaribio lilelile zikiwa ndani ya kifaa. Weka alama ya kalamu kwenye kila betri, A na B, kumbuka ipi imekaa upande gani, acha siku tatu, zitoe upime. Hapa ndipo penye habari nyingi kuliko mahali pengine popote, na tunakuomba usipime jumla bali kila betri kivyake.

Zikiwa zimeshuka sawasawa, mathalani zote kutoka 4.17 hadi 3.85, mkondo unapita kwenye betri zote mbili, yaani mlaji ameshika ncha mbili za mfululizo. Huyo kwa kawaida ni kidhibiti kikuu, chipu isiyolala, au uchafu kwenye bodi.

Zikiwa zimeachana, moja 4.16 na nyingine 3.70, basi kuna mlaji aliyeshika betri moja tu. Vifaa vya betri mbili vinavyochajiwa kwa USB huwa na waya unaogusa katikati, pale betri zinapokutana, ili bodi isome kila betri na kuzisawazisha wakati wa kuchaji. Usawazishaji hufanywa kwa kumwaga kidogo betri iliyo juu kupitia kikinza na swichi ndogo. Swichi hiyo ikiharibika na kubaki imeunganika, kikinza kinaendelea kunywa betri moja usiku na mchana. Kikinza cha omu 270 kwenye volti 4.2 hupitisha miliampea 15 na nusu, kiasi kilekile unachokipoteza. Bodi nyingine huiba umeme wa chipu kutoka betri ya chini peke yake, na hapo pia tofauti itaonekana, ila mara nyingi ndogo zaidi.

Hali hii ya kuachana ina hatari yake. Betri iliyo chini itafika mwisho wakati mwenzake bado ina nguvu, na ukiendelea kuvuta, iliyo na nguvu inaisukuma dhaifu chini ya kiwango chake. Ukikuta zimeachana kwa zaidi ya volti 0.1, usizichaji ndani ya kifaa. Tumia chaja ya nje inayochaji kila tundu kivyake, na usikitumie kifaa hicho mpaka bodi ibadilishwe.

Kuhusu kubofya mara tano: kwenye vepu nyingi hilo si kuzima kwa kukata umeme. Ni amri kwa chipu kwamba isikubali kufyatua, yaani kupasha moto koili (waya unaogeuza maji ya vepu kuwa mvuke), na izime skrini. Chipu yenyewe inabaki macho kidogo, kwa kuwa lazima isikie utakapobofya tena mara tano. Kwa hiyo kwenye kifaa kizima, tofauti kati ya kilichowashwa na kutulia na kilichozimwa kwa mabofyo ni ndogo, kwa sababu vyote viwili vimelala. Kwako tofauti ni ndogo kwa sababu nyingine: vyote viwili viko macho. Hili linaondoa washukiwa kadhaa. Mwangaza wa skrini, muda wa skrini kubaki wazi, saa inayoonyeshwa skrini ikiwa imelala, taa za mapambo na Bluetooth, kwa vifaa vilivyo nayo, vyote hivi kwa kawaida hukoma kifaa kinapozimwa kwa mabofyo. Vingekuwa ndivyo vinavyokula, kuzima kungekusaidia sana. Hata hivyo, pitia mipangilio mara moja: punguza muda wa skrini uwe sekunde 10 au 15 na uzime saa ya skrini. Ni kazi ya dakika moja. Kisha toa betri dakika kumi na uzirudishe, kwa kuwa chipu iliyokwama hupata mwanzo mpya kwa njia hiyo, na mara nyingine tatizo huisha hapo hapo.

Lisipoisha, tazama kitufe cha kufyatua. Chini yake kuna kibati kidogo chenye umbo la kuba kinachobonyea. Maji ya vepu yakiingia humo hunata, na kibati kinabaki kimegusa nusu, au kinagusa na kuachia chenyewe. Kila kinapogusa, chipu inaamshwa. Dalili zake: skrini huwaka yenyewe mezani, kubofya mara tano mara nyingine huhesabiwa nne au sita, au kitufe hakirudi kwa mlio ule mkavu bali kwa kusuasua. Ukiona mojawapo, toa betri mara moja, kwa sababu kitufe kinachojigusa kinaweza kufyatua koili kikiwa mfukoni. Vifaa vingi hukata vyenyewe baada ya sekunde 8 hadi 10, lakini sekunde 10 za wati 60 kwenye pamba kavu zinatosha kuiunguza, na kitufe kinaweza kujigusa tena.

Mshukiwa wa tatu ni maji yenyewe. Wengi husafisha tundu la nyuzi za 510, pale tanki linapokazwa juu ya kifaa, wakidhani uvujaji uko pale. Ni vizuri pawe safi, lakini pini ya katikati kwenye vifaa vya chipu haina nguvu ya betri mpaka ubonyeze, isipokuwa vimkondo vidogo vya kupima omu. Unyevu pale juu hauwezi kula miliampea 15. Unaokula ni ule ulioteremka kupitia pini hadi kwenye bodi, au uliokusanyika kwenye chumba cha betri, mahali ambapo nguvu ya betri ipo saa zote. Glisarini na propilini glaikoli hunyonya unyevu wa hewani, zikichanganyika na vumbi na chumvi za jasho la mikono zinaanza kupitisha umeme. Baada ya muda shaba inapauka kijani. Ukifungua mlango wa betri na kuona kijani au unyevu wa kunata kwenye springi, umempata mmoja.

Kusafisha: toa betri na tanki. Vaa glavu, maana maji hayo mara nyingi yana nikotini inayopita kwenye ngozi. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, kikamue kisichuruzike, ufute springi, vibati vya mgusano na kingo za kitufe. Badilisha kijiti mpaka kitoke safi. Kwenye kitufe, weka tone moja ukingoni na ukibofye mara ishirini au thelathini bila betri. Acha kifaa kikauke saa tatu au nne mahali pakavu kabla ya kurudisha betri. Usitumie maji wala mafuta ya kulainisha vyuma. Kagua pia ganda la plastiki la kila betri: mwili mzima wa 18650 ni upande hasi, na karibu na kichwa chanya kuna milimita chache tu za kutenganisha. Ganda likiwa limechanika hapo, betri haitumiki mpaka livishwe jipya.

Ukitaka uhakika badala ya kungoja siku tatu kila unapojaribu kitu, pima mkondo wenyewe. Inafaa kufanywa kwa utulivu, kwa sababu kosa moja linaunguza fyuzi ya mita au linachoma vidole. Toa tanki, ili hata ukigusa kitufe kwa bahati mbaya pasiwe na koili ya kufyatuliwa. Kata kipande cha kadi nyembamba, upana wake usizidi kichwa cha betri, gundisha ukanda wa foili kila upande, foili mbili zisigusane popote. Chomeka kadi kati ya upande hasi wa betri moja na kibati chake. Sasa saketi imekatika pale, na foili mbili ndizo ncha zake. Unganisha kwanza waya mfupi wenye klipu kutoka foili moja hadi nyingine, ili umeme upite kama kawaida. Unganisha mita pia kwenye foili hizohizo, ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Skrini itawaka. Subiri dakika tano kifaa kilale, kisha ondoa ule waya mfupi, na mkondo wote utapita kwenye mita. Ikisoma chini ya ampea 0.1, rudisha waya mfupi, hamisha mita kwenye tundu na ngazi ya miliampea, ondoa waya tena usome.

Ule waya mfupi ndio siri ya kazi hii. Ukihamisha ncha za mita bila waya, kifaa kinakatika na kuanza upya, skrini inawaka, na unapima kifaa kilichoamka badala ya kilicholala. Usianzie kwenye ngazi ya maikroampea: ukinzani wa mita kwenye ngazi hiyo ni mkubwa, volti zinaanguka, kifaa kinazima na kuwaka mfululizo na namba zinaruka ovyo. Na mita ikiwa kwenye ampea, isigusishwe hata mara moja ncha mbili za betri. Hapo itakuwa waya mtupu, na 18650 hutoa makumi ya ampea bila kusita.

Chini ya miliampea 0.1, lala salama. Kati ya 0.1 na 0.5 kunavumilika, betri ingechukua miezi minane au zaidi kuisha. Miliampea 1 hadi 3 ina maana kuna kitu hakikulala vizuri, na kwa anayetumia kifaa kila siku haitamkera. Kuanzia 5, tafuta kosa. Uzuri wa kupima hivi ni kwamba unaona matokeo papo hapo: bofya mara tano uone kama namba inashuka, rudisha tanki uone kama inapanda, sukuma kitufe kidogo pembeni bila kukibonyeza uone kama inarukaruka. Kwa tanki, fanya hivyo ukiwa umerudisha waya mfupi kwanza na mita kwenye ampea 10. Ikipanda tanki likiwa juu peke yake, kifaa kinaendelea kupima omu kila mara kwa sababu mgusano wa pini ni mbovu au koili imelegea. Kaza koili, safisha pini, tatizo linaisha.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo, nacho ni kiganja chako. Miliampea 15 kwenye volti 8 ni wati 0.12, huwezi kuisikia. Lakini kifaa kama chako kikimaliza betri kwa usiku mmoja wa saa 8, maana yake kinavuta miliampea 375, karibu wati 3, na kitakuwa na joto la wazi. Kifaa kilichotulia chenye joto hakisubiri uchunguzi. Toa betri papo hapo, na usizirudishe.

Wenye podi ndogo za betri ya ndani na zisizo na kitufe, ambazo huwaka kwa kuvuta pumzi, watazame kihisi kilicho chini ya podi. Maji yakikilowesha, kinaona pumzi isiyokuwepo, na taa huwaka yenyewe. Toa podi, futa chumba chake, laza kifaa kikitazama chini kwenye karatasi ya kufutia usiku mzima. Podi hizo huwa na mAh mia kadhaa hadi elfu moja, kwa hiyo uvujaji mdogo huonekana haraka: miliampea 5 zinamaliza mAh 500 kwa siku nne. Wenye modi za kimakanika zisizo na chipu hawana la kutafuta. Hazili kitu zikitulia, na chaji ikishuka kuna mgusano halisi, wa hatari.

Mpaka ujue kosa liko wapi, toa betri kila unapomaliza kutumia. Usitegemee ulinzi wa kifaa: kikikata kufyatua kwenye volti 3.2 hivi kwa kila betri, ile miliampea 15 haikatwi pamoja nacho. Kutoka hapo hadi volti 2.5 kumebaki chaji kidogo mno, inaisha ndani ya siku moja hadi tatu. Betri ikishuka sana chini ya 2.5 na kukaa huko, shaba ya ndani inaweza kuanza kuyeyuka, na ikichajiwa tena shaba hiyo hujijenga mahali pasipo pake na kuunganisha pande mbili. Kwa hiyo ukikuta betri inasoma 2.3, usiifufue hata kama chaja inaikubali. Ziba ncha zote mbili kwa selotepu na uipeleke mahali panapokusanywa betri za kuchakatwa, na mwenzake usimwoanishe na betri mpya. Nunua jozi.

Ukisafisha, ukabadilisha kitufe au koili, na mita bado inasoma 15 kifaa kikiwa kimelala bila tanki, kosa liko kwenye bodi: kidhibiti kilichopata joto kupita kiasi, kapasita iliyopasuka, au ile swichi ya kusawazisha. Kama kifaa kiko ndani ya dhamana, kirudishe ukiwa na namba zako zote, za betri A na B kabla na baada ya siku tatu, pamoja na usomaji wa mita. Fundi akiziona hataanza kwa kukuambia ubadilishe betri.